Kivu: Dume asipozalisha, dawa ya shambani nayo iangaliwe

Katika nyumba nyingi za Kabare, Walungu na Kalehe, jimboni Kivu ya Kusini, benki ya familia inalala jikoni. Ni dende, mnyama mdogo ambaye mara nyingi hafiki kilo moja, anayekula majani na maganda ya jikoni, anayezaa baada ya siku karibu 68, na ambaye wakati wa kukimbia vita anaweza kutiwa ndani ya kikapu na kubebwa. Ng'ombe waliporwa, mbuzi waliporwa, dende wakabaki. Akiuzwa mmoja, sabuni na chumvi vinapatikana. Wakiuzwa kumi, mtoto anarudi masomoni.

Kwa hiyo dende wasipozaa, ni shida ya nyumba nzima. Na wa kwanza kushitakiwa ni jike. Anachinjwa ao anauzwa, ananunuliwa mwingine, miezi inapita, hakuna kitu. Kwa sungura na mbuzi ni vilevile. Dume anaachwa kwa sababu anaonekana mnene, anapanda, anafukuza wenzake. Ni watu wachache wanaofikiri kwamba dume mwenye nguvu za kupanda anaweza kuwa hana mbegu, ao anazo chache, ao alizonazo haziogelei vizuri.

Sababu za dume kuwa hivyo ni nyingi, na tutazifikia. Lakini kuna moja ambayo haisemwi sana vijijini, ingawa wanasayansi wanaijua kwa miaka zaidi ya 70: dawa za kuua wadudu, magugu na ugonjwa wa mimea. Dawa hizo hizo zinazopigwa kwenye tomati, shu, vitunguu na viazi, halafu majani ya pembeni mwa shamba yanakatwa na kupelekewa wanyama jioni.

Jogoo wa mwaka 1950

Mfano wa kwanza uliojulikana sana ulitoka kwa jogoo. Mwaka 1950, wataalamu wawili wa elimu ya wanyama wa chuo kikuu cha Syracuse, Marekani, Howard Burlington na Verlus Frank Lindeman, waliwachoma jogoo wadogo sindano za DDT. Wakati huo DDT ilikuwa dawa ya kusifiwa dunia nzima. Ilikuwa imeua chawa na mbu katika vita kuu ya pili, na mwanakemia Mswisi aliyegundua nguvu yake juu ya wadudu, Paul Müller, alikuwa amepewa tuzo ya Nobel mwaka 1948.

Jogoo wale hawakufa. Walikula na kukua. Lakini upanga wao wa kichwani na ndevu za shingoni zilibaki ndogo kama za kuku jike, na walipopasuliwa, korodani zao zilikuwa karibu asilimia 18 tu ya ukubwa wa kawaida. Watafiti wakaandika kwamba DDT inafanya kazi mwilini kama homoni ya kike.

Maelezo kamili yalichelewa sana. Ni mwaka 1995 ndipo kundi la watafiti wa Marekani lilionyesha kwamba DDT ikiisha kuvunjika mwilini inaacha masalio yanayoitwa DDE, na kwamba masalio hayo yanakwenda kukaa mahali ambapo homoni ya kiume, testosteroni, inapaswa kukaa ndani ya seli. Mtu anaweza kufikiria kufuli ambamo funguo mbaya imeingizwa: haifungui, na inazuia ile nzuri isiingie. Homoni ipo katika damu lakini haisikiwi.

Kiwanda cha California na wanaume wasiopata watoto

Kesi ya pili ndiyo inayofaa kujulikana na kila mkulima, kwa kuwa inaonyesha mnyama akisema ukweli na binadamu akiziba masikio.

Katikati ya miaka ya 1950, kampuni mbili kubwa za Marekani, Dow na Shell, zilianza kuuza dawa inayoitwa DBCP. Kazi yake ilikuwa kuua minyoo midogo ya udongoni inayokula mizizi. Ilipendwa sana katika mashamba ya ndizi na mananasi, kwa kuwa ilikuwa inaongeza mavuno bila kuua mmea. Kabla ya kuisambaza zaidi, wataalamu waliijaribu kwa wanyama: panya, dende, sungura. Wanyama walivutishwa hewa yenye dawa hiyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1961, na jambo lililoonekana wazi kuliko yote ni kwamba korodani zilikuwa zimesinyaa na kuharibika, katika kila aina ya mnyama aliyejaribiwa.

Dawa ikaendelea kuuzwa. Miaka 16 ikapita.

Mwaka 1977, katika kiwanda cha kampuni ya Occidental kule Lathrop, California, wafanyakazi waliokuwa wakichanganya DBCP walianza kuambiana jambo walilokuwa wakilificha kila mmoja nyumbani kwake: wake zao hawapati mimba. Mmoja alidhani ni yeye peke yake, mwingine alidhani ni mke. Walipohesabu, waliona kwamba idara yao nzima ilikuwa karibu haina watoto wachanga. Chama chao kikadai vipimo. Madaktari, miongoni mwao Donald Whorton, walikuta wengi wao wana mbegu chache sana ao hawana kabisa, na waliofanya kazi miaka mingi ndio walioharibika zaidi. Hawakuwa na homa wala vidonda. Nguvu za kiume walikuwa nazo kama kawaida. Bila kuhesabu mbegu kwa mikroskopi, hakuna ambaye angejua.

Mwaka huohuo serikali ya Marekani ilianza kuifungia dawa hiyo, na mwaka 1979 ikaifuta karibu kabisa, ila katika mananasi ya Hawaii, ambako iliendelea hadi miaka ya 1980. Lakini mashamba ya ndizi ya nje ya Marekani yalikuwa yamekwisha kuitumia. Wafanyakazi maelfu wa Costa Rica, Nicaragua, Honduras na hata Côte d'Ivoire walifungua kesi mahakamani miaka iliyofuata, wakisema wamekuwa tasa. Baadhi walilipwa, wengine kesi zao zilifutwa.

Walioachishwa kazi ya DBCP mapema, mbegu zao nyingi zilirudi baada ya muda. Kwa waliokaa nayo miaka mingi, baadhi hazikurudi tena.

Kwa nini hakuna anayeona

Ili kuelewa ugumu wa kugundua, lazima kuelewa mbegu inavyotengenezwa. Ndani ya korodani kuna mirija myembamba sana. Katika mirija hiyo seli mama zinagawanyika, na pembeni yake kuna seli nyingine zinazozilisha na kuzilinda kama yaya. Nje ya mirija kuna seli zinazotengeneza testosteroni, zikipokea amri kutoka ubongoni. Dawa inaweza kugonga popote: inaweza kuvuruga amri, inaweza kupunguza homoni, inaweza kuua zile seli za kulisha, ao kuchoma mbegu yenyewe, kwa kuwa ngozi ya mbegu ina mafuta mengi yanayoharibika upesi kama siagi iliyoachwa juani.

Na kazi hiyo inachukua muda. Kwa beberu na kwa sungura dume, mbegu moja inahitaji karibu wiki saba kutengenezwa. Kwa ng'ombe dume ni siku karibu 61. Kwa mwanamume ni siku karibu 74. Baadaye inakaa tena siku kadhaa katika mrija wa kukomazia kabla ya kutoka.

Hesabu hiyo inaeleza mengi. Mkulima anayepiga dawa tomati mwezi wa tatu na kulisha mbuzi majani ya pembeni, hataona kitu mwezi wa tatu. Mbegu zilizokomaa tayari zitaendelea kutoka. Upungufu utaonekana mwezi wa tano, wakati tomati zimekwisha kuuzwa na chupa ya dawa imetupwa. Na mbuzi jike akichukua mimba miezi mitano, kosa litatambuliwa karibu na mwisho wa mwaka. Nani atakumbuka dawa ya mwezi wa tatu?

Sumu ya ghafla ni jambo jingine. Mnyama aliyekula dawa nyingi za kundi la fosfati, kama vile dimethoate, chlorpyrifos, profenofos ao dichlorvos, anatoa mate mengi, anatetemeka, anapumua kwa shida, na anaweza kufa siku hiyohiyo. Hapo kila mtu anaelewa. Ile ya korodani ni ya kimya.

Dawa tulizo nazo sokoni

DDT na DBCP ni za zamani, na mtu anaweza kusema hazituhusu. Lakini majaribio hayakuishia kwao.

Cypermethrin inauzwa sana katika eneo hili lote la Maziwa Makuu, ikiwa peke yake ao ikichanganywa na profenofos. Mwaka 2001, watafiti wa Jordan walichapisha matokeo ya panya dume walionyweshwa maji yenye cypermethrin kwa wiki 12. Mbegu zilipungua, testosteroni ilishuka, na majike waliowekwa nao walipata mimba chache kuliko wale wa madume ambao hawakunyweshwa.

Misri, katika chuo kikuu cha Alexandria, tangu miaka ya 1980 wamewafanyia kazi sungura dume, mnyama ambaye ni rahisi kumkusanyia shahawa bila kumuumiza. Wakajaribu dimethoate na deltamethrin, baadaye carbofuran na dawa ya magugu ya glyphosate. Shahawa zilipungua, mbegu zilizokufa ao zenye umbo baya zikaongezeka, na hamu ya kupanda ikashuka kwa baadhi. Walipoacha kuwapa, hali ilianza kurudi polepole, si kwa wote kwa kiasi sawa. Katika majaribio mengine ya aina hiyo, vitamini E ilipunguza uharibifu, jambo linaloonyesha kwamba sehemu ya madhara inatokana na ule uchomaji wa mafuta ya mbegu.

Hapa lazima kuwa waangalifu. Wanyama wa laboratwari mara nyingi wanapewa dawa kila siku, kwa wiki nyingi, na kwa kiasi kikubwa kuliko kile ambacho mbuzi wa kijijini atakipata kwa kula majani ya siku moja. Mtu anayesoma habari hizi na kusema kila dume aliyekaa karibu na shamba ni tasa, anakosea. Linalojulikana ni kwamba dawa hizi zina uwezo huo, na kwamba kiasi na muda ndivyo vinavyoamua. Tatizo la Kivu ni kwamba kiasi hakipimwi. Dawa inauzwa kwa kizibo, inahamishwa kutoka chupa yenye maandishi kwenda chupa ya maji, na maandishi yanapokuwepo yako katika Kiingereza kwa mkulima anayesoma Kifaransa ao Kiswahili. Doza inakuwa ya macho: ikinuka sana, ndiyo nzuri.

Baadhi ya dawa hizi zimekataliwa kwingine. Chlorpyrifos ilifungwa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, na mwezi wa tano 2025 nchi wanachama wa mkataba wa Stockholm ziliiweka kwenye orodha ya dawa za kuondolewa duniani, ingawa na muda wa nyongeza kwa matumizi fulani. Mancozeb, ile poda ya manjano ambayo wakulima wa viazi na tomati wanaijua vizuri, iliondolewa Ulaya kwa uamuzi wa mwezi wa 12 mwaka 2020. Miongoni mwa sababu ni kwamba inavuruga homoni na inahesabiwa kuwa hatari kwa mimba. Kongo ni mwanachama wa mkataba huo wa Stockholm. Lakini mipaka ya Bunagana, Kasindi na Kavimvira, kila mtu anajua vitu vinavyopita hapo.

Chura, mamba na nyuki

Dume anayeishi majini hana pa kukimbilia. Mwaka 1980, kemikali kutoka kiwanda cha dawa, zikiwemo dicofol na DDT, zilimwagika karibu na ziwa Apopka, jimboni Florida. Miaka iliyofuata, mtaalamu Louis Guillette na wenzake walikuta mamba wadogo wa kiume wa ziwa hilo wana uume mfupi kwa asilimia karibu 24 kuliko mamba wa ziwa safi, na testosteroni yao ilikuwa chini kwa asilimia karibu 70.

Halafu kuna chura. Tyrone Hayes, profesa wa chuo kikuu cha California kule Berkeley, alianza kazi yake akilipwa kwa ajili ya kampuni iliyokuwa ikitengeneza atrazine, dawa ya magugu ya mashamba ya mahindi. Alipoona matokeo yasiyopendeza, aliachana nao na kuendelea peke yake. Mwaka 2010 alichapisha habari ya chura dume 40 aliowalea tangu kuanguliwa katika maji yenye atrazine kidogo sana: sehemu 2.5 katika bilioni. Ni kama tone moja katika mapipa 100 ya lita 200. Karibu robo tatu ya chura hao walikuwa kama waliohasiwa. Asilimia 10 waligeuka majike kabisa, na baadhi yao walipandwa na madume wengine na kutaga mayai yaliyoangua.

Kampuni ya Syngenta, mwenye dawa hiyo, ilipinga vikali, na mwaka 2007, kabla ya matokeo hayo ya pili, idara ya mazingira ya Marekani ilikuwa imesema kwamba tafiti zilizokuwepo hazionyeshi madhara ya kudumu kwa viungo vya uzazi vya chura. Ubishi haujaisha. Ulaya iliifunga atrazine tangu miaka ya 2003 na 2004, kwa sababu ya kukutwa katika maji ya chini ya ardhi. Marekani inaitumia bado.

Chura aliyetumiwa na Hayes ni wa jamii ya Xenopus, wenye kucha, wa asili ya Afrika. Jamii hiyo iko nyumbani hapa. Mwaka 2008 wanasayansi walieleza aina moja mpya kutoka milima ya Itombwe, na wakaipa jina la mlima wetu: Xenopus itombwensis.

Nyuki pia ana dume. Mwaka 2016, watafiti wa Bern, Uswisi, na wenzao walionyesha kwamba nyuki dume waliolelewa na chakula chenye dawa mbili za kundi la neonicotinoid, thiamethoxam na clothianidin, walikuwa na mbegu hai pungufu kwa asilimia 39, na waliishi siku chache zaidi. Malkia wa nyuki anapandwa katika siku chache tu za ujana wake na kutunza mbegu hizo maisha yake yote. Akipewa mbegu mbovu, mzinga wote unalipa. Wafugaji wa nyuki walio jirani na mashamba ya mboga wanaweza kulifikiria hilo.

Kuna pia swali la vizazi. Mwaka 2005, kundi la Michael Skinner wa chuo kikuu cha jimbo la Washington liliwapa panya wenye mimba vinclozolin, dawa ya ukungu wa mizabibu. Watoto wa kiume walikuwa na mbegu chache, na wajukuu pia, hadi kizazi cha nne, ingawa wajukuu hao hawakuguswa na dawa. Laboratwari nyingine zilizofuata njia tofauti hazikuona jambo hilo la vizazi. Lile ambalo halibishaniwi ni kwamba panya jike mwenye mimba akipata dawa hiyo, watoto wa kiume wanaweza kuzaliwa na korodani ambazo hazikushuka ao viungo vilivyoharibika. Kwa maneno mengine, dume anaweza kuharibiwa kabla hajazaliwa.

Njia ambamo dawa inafika zizini

Majani ni njia ya kwanza. Baadhi ya dawa, kama cypermethrin, zinabaki juu ya jani. Nyingine, kama dimethoate, zinaingia ndani ya utomvu wa mmea, na hata ukiosha majani kwa maji safi hazitoki. Magugu ya katikati ya tomati, majani ya viazi vitamu yaliyo kandokando ya shu, maganda na majani ya nje ya kabichi yanayotupwa sokoni na kuokotwa kwa ajili ya sungura: yote yanaweza kubeba. Kwa dende hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa mwili wake hautengenezi vitamini C na lazima ale majani mabichi kila siku. Hawezi kuambiwa ale muhogo mkavu akingojea.

Maji ni njia ya pili. Katika uwanda wa Ruzizi na kandokando ya mito ya Kabare, pompi inaoshwa mtoni, chini kidogo ng'ombe wanakunywa. Bidoni ya dawa ikiisha, inasuguliwa kwa mchanga na kuwa bidoni ya maji ya kuku.

Ya tatu ni mnyama mwenyewe kupigwa dawa ya shamba. Mbwa ana viroboto, mbuzi ana chawa, mwenye nyumba anachukua ile ya tomati iliyobaki na kumpaka. Cypermethrin ya kupe ya ng'ombe ipo, na inauzwa farmasi ya wanyama ikiwa imepimwa kwa kazi hiyo. Ile ya shambani ina nguvu nyingine, viyeyusho vingine, na mara nyingi imechanganywa na profenofos. Jina moja kwenye chupa halifanyi dawa kuwa moja.

Kwa upande wa kupe, isieleweke vibaya: mfugaji wa Masisi, Minembwe ao Fizi hawezi kuacha kupambana nao. Homa ya kupe inaua ndama kwa wiki chache, na hasara ya ndama aliyekufa ni ya hakika kuliko hasara ya mbegu inayowezekana. Kinachotakiwa ni dawa ya mifugo, kwa kipimo chake, siku zake zikihesabiwa, si kila wiki kwa sababu ya mazoea.

Kabla ya kumhukumu dume

Veterineri akiitwa, hataanza na dawa. Ataangalia umri kwanza, na chakula. Atauliza kama dume huyo amekaa zizini miaka akipanda binti zake na wajukuu wake, jambo la kawaida sana kwa dende na sungura wa kijijini na ambalo peke yake linatosha kupunguza uzazi. Atauliza kuhusu joto: korodani zinahitaji ubaridi kidogo kuliko mwili, na sungura aliyefungiwa chini ya bati huko Uvira wakati wa kiangazi anaweza kupoteza mbegu bila dawa yoyote. Atashika korodani kwa mkono, azipime kama ni sawa, kama ni ngumu ao laini kupita kiasi. Kwa ng'ombe na mbuzi atafikiria brusela, ugonjwa unaovimbisha korodani na kutoa mimba, na ambao unampata hata binadamu kwa maziwa mabichi.

Kisha, kama kuna mikroskopi, tone moja la shahawa linaonyesha mengi. Mbegu nzima zinakwenda mbele kama samaki wadogo. Zilizoharibika zinazunguka mahali pamoja ao zimelala. Ni kipimo cha dakika chache.

Pasipo mikroskopi, mfugaji anaweza kufanya jaribio lake mwenyewe: kumweka dume huyo na majike waliokwisha kuzaa kwa dume mwingine, na kuwaweka majike wake wasiozaa na dume wa jirani. Kwa sungura, jibu linapatikana ndani ya siku 31, na kwa dende ndani ya miezi miwili na nusu. Gharama yake ni kuomba jirani.

Ikionekana dume ndiye mwenye shida na dawa inashukiwa, jambo la kwanza ni kumtoa katika majani na maji hayo, kumlisha majani kutoka mahali ambapo pompi haifiki, na kungoja. Si wiki mbili. Ni mzunguko mzima wa mbegu na siku za kukomaa juu yake, yaani karibu miezi miwili kwa beberu na sungura, miezi miwili na nusu kwa ng'ombe dume. Anayemchinja baada ya wiki tatu hajampa nafasi.

Kwa upande wa shamba, mambo yanayopunguza hatari hayahitaji fedha nyingi: kutenga upande mmoja ambao haupigwi dawa kwa ajili ya majani ya wanyama, upande upepo unakotoka, kupompa asubuhi mapema wakati hewa imetulia, kuosha pompi ndani ya shamba lenyewe, si mtoni, kusuuza bidoni tupu mara tatu na kuitoboa ili isirudi nyumbani. Majike wenye mimba wasilishwe kabisa majani ya shamba lililopigwa.

Na kuna dume mmoja ambaye hatajwi katika hesabu hizi. Ni yule anayebeba pompi mgongoni. Mara nyingi ni kijana, analipwa kwa siku, hana maski wala glavu, na pompi inavuja kwenye shati lake hadi kiunoni. Kijana huyo anaoga jioni, anavaa shati lilelile kesho yake. Akioa na mtoto asipokuja, familia itamtazama mke, kama vile ilivyotazamwa kwa dende. Katika hospitali kubwa za Bukavu na Goma, kipimo cha kuhesabu mbegu za mwanamume kinaweza kuombwa na daktari, na siku ya kwenda, inafaa amwambie daktari kazi aliyokuwa akifanya katika miezi mitatu iliyopita, na jina la dawa kama chupa bado ipo.